Fundi Niru na Tangi la Ndani

"Mara themanini! Tangu kumekucha ni mara themanini, na jua hata halijafika dirishani! Wenzangu wameolewa na wanaume, mimi nimeolewa na mlango wa choo!"

Aliyekuwa akipiga kelele ni mwalimu wa chekechea, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, amesimama kwenye kiujia kifupi kati ya jiko na choo. Ndani ya choo alikuwa mume wake, Fundi Niru, kiganja kimeegemea ukuta, uso umekunjamana, akisubiri matone manne yaliyokuwa yakitoka moja moja kama watu wanaokaguliwa mlangoni.

"Hizo themanini umezihesabu wewe?" akauliza kutoka ndani.

"Bawaba ndizo zinahesabu! Huzisikii zinavyolia? Mwenzio kutwa nzima nina watoto arobaini, mwalimu mkojo, mwalimu mkojo. Nikirudi nyumbani nipumzike namkuta wa arobaini na moja, tena huyu ana mvi!"

"Si ungekuwa umeshazoea?"

"Wale wakimaliza wanasema asante mwalimu."

"Asante mwalimu," ikasema sauti ya ndani, kwa adabu kabisa.

Mlango ukapigwa kiatu. "Utani huo mpelekee kaka yangu, yuko hapo nje anakusubiri. Leo hakuna kazi, Baba Pacha. Leo ni hospitali kubwa."

"Leo nina tangi."

"Tangi gani? Lile la shuleni kwetu? Lile lenye mistari mitatu kama daftari?"

Ndani kukawa kimya. Mwalimu alikuwa amegusa penyewe.

Ili ukielewe kimya hicho, inabidi umjue huyu mtu na kazi yake. Fundi Niru ana miaka hamsini na miwili, mfupi, mabega mapana, shingo imezoea kuinama kwa sababu nusu ya maisha yake ameyamaliza ndani ya matangi ya maji. Mafundi wa nyumba wako wengi, na nyumba ni kitu chepesi. Ukuta wa sebule ukipata ufa unatundika picha pale, maisha yanaendelea. Tangi likipata ufa, habari inasambaa mpaka kwa kuku.

Siri ya tangi iko kwenye ngozi yake ya ndani. Unajenga, unapiga plasta, halafu juu ya plasta unapaka niru, yaani uji wa simenti tupu unaousugua kwa mwiko mpaka ukuta uteleze kama sahani. Niru ndiyo inayoyazuia maji yasiuguse ukuta wenyewe. Na niru ina masharti mawili. Sharti la kwanza, ukianza unamaliza. Ukitoka katikati, hata kwa dakika kumi, pale utakaporudia kuanzia pataacha kiungo, na maji yana akili kuliko kamati nzima ya ujenzi, yatakitafuta kiungo hicho mpaka yakipate. Sharti la pili, ukishamaliza unaimwagilia siku saba, asubuhi na jioni, kama unamlea mgonjwa. Ukiiacha ikauke kwa hasira zake, inapasuka.

Hayo alifundishwa na baba yake mdogo, mtu mkali, ambaye akiwa ndani ya tangi alikuwa haongei, mwiko wake ndio ulikuwa unaongea. Saa mbili, saa tatu, anazunguka ukutani kama mkono wa saa, akitoka amemaliza. Watu wakasema huyu hana kibofu, ana pipa.

Mpaka mwaka mmoja baba mdogo akaanza kutoka. Kwanza mara moja kwa tangi, halafu mara tatu, halafu kila robo saa anapanda ngazi kwa haraka bila kumtazama mtu. Baadaye ikaja damu. Alipokubali kupelekwa hospitali, walisema ni kansa ya kibofu na imeshatembea. Fundi Niru alikuwa kijana wa miaka thelathini. Alimzika, akaurithi mwiko, na mpaka leo anautumia ule ule, mpini umebadilishwa mara nne.

Kwa hiyo mwaka jana, siku aliyojikuta naye anapanda ngazi katikati ya kazi, chini ya tumbo kunawaka kama pamebandikwa pasi, hakushtuka kama unavyoshtuka wewe na mimi. Alianza kuhesabu. Mara moja kwa tangi. Halafu mara tatu. Na hesabu hiyo hakumwambia mtu, si mkewe, si mapacha wake ambao ni watu wazima wanajitegemea, si shemeji yake anayemkorogea simenti miaka kumi na tano sasa.

Usidhani hakutafuta dawa. Zahanati ya mtaani alikwenda mara mbili. Wakapima mkojo, hawakuona mdudu hata mmoja, wakampa vidonge vya kuua wadudu. Mara ya pili wakakosa wadudu tena, wakampa vidonge vya rangi nyingine.

"Mkojo wako ni msafi, mzee," mpimaji akamwambia.

"Kama ni msafi mbona unaniunguza?"

Mpimaji akatazama karatasi, akatazama dari, akaita, "Anayefuata!"

Basi fundi akaamua kujitibu kwa elimu aliyokuwa nayo. Na elimu aliyokuwa nayo ni ya matangi. Tangi likileta shida unafanyaje? Unafunga maji, unalikausha, ndipo unaona tatizo liko wapi. Akajifungia maji. Kutwa nzima hanywi tone, jioni anapiga funda moja la kusukumia chakula. Asubuhi kikombe kimoja cha kahawa nzito, kwa ajili ya nguvu, kwa sababu mtu hawezi kufanya kazi amekauka kabisa. Mkojo ukawa rangi ya kutu. Maumivu yakapanda. Yeye akaona tatizo ni kwamba bado hajakauka vizuri, akalifuta na lile funda la jioni, kikabaki kikombe cha asubuhi na mchuzi uliomo kwenye chakula.

Miezi minane, ndugu yangu. Ngamia angeomba likizo.

Hivyo ndivyo alivyolifikia tangi la shule ya chekechea, shule anayofundisha mkewe. Kwenye niru akatoka mara tatu. Mara ya kwanza akasema simu inaita, na simu yenyewe alikuwa ameiacha nyumbani. Mara ya pili akasema anakuja kuonja mchanganyiko.

"Kuonja?" shemeji akauliza, karai mkononi. "Shemeji, niongeze chumvi?"

Mara ya tatu hakusema kitu, alipita mbio.

Wiki iliyofuata tangi likajazwa, na nje ya ukuta ikajitokeza mistari mitatu ya unyevu, imenyooka, mmoja kwa kila kiungo. Mwalimu mkuu akamwita mwalimu wa chekechea aje aone kazi ya mume wake. Yule mama akasimama mbele ya ile mistari, watoto wamemshika sketi pande zote, na hakuona aibu kama mwalimu mkuu alivyotegemea. Aliogopa. Kwa miaka ishirini na sita alimjua mtu ambaye angeweza kusahau siku ya harusi yake, lakini kiungo kwenye niru haachi.

Ndiyo maana asubuhi ile mlango ukapigwa kiatu. Na ndiyo maana fundi, alipotajiwa ile mistari, alifungua, akatoka, akavaa shati la kutokea.

Hospitali kubwa walimpeleka kwenye chumba chembamba mwisho wa ujia, kwa daktari mmoja mwanamke, kijana, miwani imeshuka puani, mezani kwake trei ya chupa ndogo zenye vifuniko vya njano. Huyu alikuwa anakusanya mikojo ya watu wenye maumivu ya kibofu ambao vipimo vya kawaida havioni wadudu kwao, na ya watu wazima wa afya, ailinganishe. Shemeji akakaa kwenye benchi nje. Fundi akapewa chupa.

Sasa tazama mambo. Mtu wa mara themanini, aliyelegeza bawaba za nyumba nzima, akaingia chooni na chupa, akakaa dakika ishirini, akatoka na chupa kavu.

"Imegoma," akasema.

"Leo umekunywa maji, Baba?" daktari akauliza.

"Sijanywa."

"Jana?"

"Jana nilikula mchuzi."

"Juzi?"

"Daktari, usijisumbue kurudi nyuma. Nalikausha."

"Unakausha nini?"

"Kibofu. Mimi ni fundi wa matangi, mwanangu. Kwanza unakausha, ndipo unauona ufa."

Daktari akaweka kalamu chini, akavua miwani, akaivaa tena. "Na umekausha kwa muda gani?"

"Miezi minane."

"Na maumivu yamepungua?"

Fundi akafikiri. Lilikuwa swali rahisi sana, na hakuwahi kujiuliza. "Hapana," akasema. "Yamezidi."

Akapewa jagi la maji na amri ya kulimaliza taratibu. Akiwa kwenye bilauri ya pili, daktari akauliza swali lingine, bila kunyanyua macho kwenye fomu: kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua kibofu?

Fundi akatazama mlangoni. Ulikuwa wazi kidogo, na mguu wa shemeji ulionekana kwenye benchi, unacheza cheza. Akainuka, akausukuma mlango mpaka ukafunga. Akarudi, akasema kwa sauti ndogo, "Baba mdogo. Kansa. Alianza hivi hivi."

"Na hofu hii nani mwingine anaijua?"

"Wewe."

Daktari hakumpa pole ndefu. Alisema tu kwamba basi hilo ndilo watakaloanza nalo, na chupa ilipojazwa, siku hiyo hiyo akampangia kipimo cha kamera. Kipimo chenyewe tusikieleze sana, kuna watu wanakula. Ni mpira mwembamba, una taa mbele, unapita njia ambayo fundi alikuwa anaamini ni ya kutokea tu. Alipoulizwa baadaye na shemeji ilikuwaje, alijibu, "Wenzetu wana akili. Wanaingia ndani ya tangi bila ngazi." Wakachukua na vinyama viwili vya ukuta wa kibofu wakavipime, kila kimoja kama punje ya mchele. Wakamwambia majibu baada ya siku kumi.

Siku kumi hizo aliishi kama mtu anayebeba karai la mayai. Maji aliyanywa kama alivyoagizwa, kidogo kidogo kutwa nzima, uso wa mtu anayemwaga simenti nzuri mtaroni. Kahawa aliambiwa aache, akaacha, akawa anapita jikoni anainusa. Mkewe aliuliza mara moja, "Wamesemaje?" Akajibu, "Wanapima." Akauliza tena, "Wanapima nini?" Akajibu, "Mambo yao." Mwalimu akamtazama vile anavyomtazama mtoto aliyeficha kitu mgongoni, akasubiri. Watu wa chekechea wanajua kusubiri.

Siku ya kumi na moja, chumba kile kile, benchi lile lile, shemeji yule yule. Daktari alikuwa na karatasi mbele yake, na kwa heshima zake hakuzunguka.

"Si kansa, Baba."

Fundi akamtazama. "Sema tena."

"Si kansa. Tumeangalia kwa kamera, tumeangalia vile vinyama. Hakuna kansa."

"Mara ya tatu, mwanangu. Hiyo ya tatu ni ya marehemu baba mdogo."

"Si kansa," daktari akasema, safari hii kwa sauti, na nje mguu uliokuwa ukicheza kwenye benchi ukasimama ghafla.

Fundi Niru akavuta pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu mwaka jana. Mabega yakashuka. Akatoa leso, akafuta jasho lisilokuwepo, akaanza kucheka kicheko kidogo cha mtu aliyeteleza ngazini na kukuta miguu yake iko salama.

"Sasa kama si hiyo, ni nini kinaniwakia?"

Daktari akageuza karatasi, akachora. Huu ndio ukuta wa kibofu, akasema. Juu ya ukuta kuna protini, na protini hizo zimevaa minyororo midogo midogo ya sukari, imesimama kama nyuzi za taulo.

Fundi akashtuka. "Kwa hiyo nina kisukari?"

"Huna. Hii si sukari ya kwenye chai, ukinywa chai tupu haipungui. Hii imejengwa mwilini, ni kama nguo ya protini. Sasa zikikaa sawa, zinatengeneza utando unaoteleza, na mkojo haugusi ukuta. Kwako kibofu kimevimba kwa ndani bila mdudu, na ukiangalia protini kwenye mkojo wako, ile minyororo imebadilika. Mingine imekatika, mingine imekosa ncha zake, mingine imejipanga vingine kabisa. Utando umekuwa dhaifu. Mkojo unapenya, unagusa ukuta, ukuta unapiga kelele, wewe unakimbilia chooni."

Fundi alikuwa ameusogelea ule mchoro mpaka pua inakaribia karatasi. Akaweka kidole juu ya zile nyuzi.

"Hii ni niru," akasema.

"Nini?"

Akamweleza. Uji wa simenti, mwiko, kiungo, maji yasiuguse ukuta. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, akasema miaka yote amekuwa akiwachorea wagonjwa taulo, kumbe jibu liko kwa fundi.

"Nami nikuulize," fundi akasema, sasa wanaongea kama mafundi wawili kwenye mradi mmoja. "Ukuta ulivimba ndiyo niru ikachubuka, au niru ilichubuka ndiyo ukuta ukavimba?"

Daktari akacheka. "Baba, hilo ndilo ninalolitafuta kwenye chupa zote hizi. Sijui bado. Nikilijua nitakupigia simu."

Ndipo fundi akaacha kucheka. Alikuwa amekumbuka sharti la pili. Niru unaimwagilia siku saba, asubuhi na jioni. Na yeye, mtu anayewafokea wateja wanaosahau kumwagilia, alikuwa ameichukua niru yake mwenyewe iliyochubuka, akaifungia maji miezi minane, na kila asubuhi akaimwagia kahawa.

"Nimeipasua mwenyewe," akasema taratibu.

"Hujaianzisha wewe," daktari akasema. "Ila hukuisaidia."

Akapewa dawa na ratiba. Maji kidogo kidogo, yasikatike. Kahawa hapana. Na kibofu kifundishwe: kikiita, asikimbie papo hapo, asubiri dakika tano, wiki ijayo kumi. Daktari hakumdanganya. Alisema ugonjwa huu una siku njema na siku mbaya, wengine unawarudia. Fundi akasema hata matangi ni hivyo hivyo, yanataka kuangaliwa.

Nje, shemeji alikuwa amesimama na macho mekundu, anajifanya kusoma tangazo la chanjo ya watoto wachanga.

"Umesikia nini?" fundi akamuuliza.

"Sijasikia kitu. Mlango ulifungwa."

"Usimwambie dada yako."

"Nimwambie nini na sijasikia kitu?" akasema shemeji, na kwa kweli hakumwambia kitu mpaka fundi alipoingia duka la dawa. Hapo akapiga simu.

Wiki saba baadaye, fundi alirudi kwenye tangi la chekechea. Katika kukifundisha kibofu alikuwa amefikia kukaa saa moja na dakika arobaini bila kwenda chooni, hesabu ameiandika mwenyewe kwa mkaa nyuma ya mlango wa choo. Wakagonga niru ya zamani yote chini, wakasafisha, wakaanza upya. Akashuka ndani na mwiko wa marehemu. Shemeji akabaki juu anashusha ndoo.

"Shemeji, nusu saa. Simu haijaita?"

"Lete niru."

"Saa nzima, shemeji. Huji kuonja mchanganyiko?"

"Lete niru, wewe!"

Saa moja na nusu tangu aanze, ile pasi ikajibandika tena chini ya tumbo. Akasimama, akaweka paji la uso kwenye ngazi, akahesabu. Dakika ya kwanza ni ndefu, ya tatu ni ndefu zaidi. Halafu ikapoa, sio yote, ikapoa kiasi cha mtu kufanya kazi. Akaendelea kuzunguka mpaka mwiko ukafika pale ulipoanzia. Ukuta mzima ngozi moja. Akapanda ngazi polepole, akawasalimia walimu, akatembea kwa heshima zote mpaka kwenye kona ya madarasa. Baada ya kona heshima ikaisha, akakimbia.

Siku ya tatu ya kumwagilia, mkewe akamfuata tangini wakati wa mapumziko. Jua lilikuwa limepanda, watoto wamejipanga mstari kwenda chooni, fundi ana ndoo mkono mmoja na chupa yake ya maji mkono mwingine. Wiki zote hizo mwalimu alikuwa amenyamaza. Siku hiyo zamu ya kunyamaza ikaisha.

"Miaka mia tatu nimelala kitanda kimoja na wewe!" akasema. "Miaka mia tatu! Siri ya kansa unampa daktari wa juzi, mimi unaniambia wanapima mambo yao!"

"Nani kakuambia?"

"Aliyeniambia alikuwa analia kwenye simu, nikadhani amefiwa. Usinibadilishie maneno. Nakuuliza kitu kimoja tu, Baba Pacha."

Sauti yake ilikuwa imeshuka. Kiatu hakikuwa mkononi.

"Ingekuwa ndiyo. Yule daktari angesema ndiyo. Ungeniambia lini?"

Fundi Niru akamtazama mkewe. Akafungua chupa, akanywa mafunda mawili, akaifunga. Akampa ashike. Mwalimu akaipokea bila kuitazama.

"Mwalimu, mkojo!" kikaita kitoto kwenye mstari.

"Subiri dakika tano!" mwalimu akajibu, macho hayajatoka kwa mumewe. "Nakuuliza. Ungeniambia lini?"

Fundi akahamisha ndoo kwenda mkono wa kulia, akainamisha shingo kama kawaida yake, akazunguka upande wa pili wa tangi, penye ngazi, kuimwagilia niru.